Kusasisha Programu Dhibiti ya Kompyuta kwa Flashi: Matayarisho Kwanza, Kitufe Baadaye

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi kuhusu utunzaji wa kompyuta



Kompyuta si pambo tena. Ni chombo cha riziki kama cherehani au bodaboda. Katika saiba ya sokoni, kijana huomba cheti cha maadili mema kupitia eCitizen, mfanyabiashara huwasilisha ritani zake za KRA, na mwanafunzi huomba mkopo wa HELB. Saiba nyingi zina kompyuta chache tu, na nyingi kati ya hizo zilinunuliwa zikiwa zimetumika ng'ambo. Moja ikizima, foleni inarefuka na mapato ya siku yanapungua. Ikizima kabisa, kuna familia inayohesabu upya karo ya muhula.

Mazungumzo haya yanahusu kazi moja ambayo ikifanywa vizuri huiongezea kompyuta usalama na maisha, na ikifanywa ovyo huweza kuifisha kwa dakika moja. Kazi hiyo ni kusasisha programu dhibiti kwa kutumia flashi. Wapo wanaoiogopa kiasi cha kutoigusa kamwe, na wapo wanaoifanya kila wasikiapo kuna toleo jipya. Pande zote mbili zina hasara. Hatari ya kazi hii haimo katika kitufe cha mwisho. Imo katika matayarisho yaliyorukwa: faili isiyo ya modeli hiyo, stima kupotea katikati ya kazi, flashi mbovu, na mkono usio na subira. Atakayeyaziba matundu hayo manne amemaliza sehemu kubwa ya kazi kabla hajaianza.

Programu dhibiti ni kitu gani?

Kompyuta inapowashwa, kabla ya Windows au Linux kuonekana, kuna programu ndogo inayoamka kwanza. Haikai kwenye diski pamoja na picha na barua za mwenyewe. Inakaa ndani ya chipu iliyopachikwa kwenye bodi kuu. Kazi yake ni kuiamsha prosesa, kukagua kumbukumbu, kutambua kibodi na skrini, kisha kuitafuta diski na kuikabidhi Windows usukani. Programu hiyo ndiyo programu dhibiti. Kwa miaka mingi iliitwa BIOS. Iliyochukua nafasi yake inaitwa UEFI, ingawa mafundi wengi bado hutumia jina la zamani, na hakuna ubaya.

Ni programu ndogo mno. Chipu nyingi zinazoihifadhi zina nafasi ya megabaiti 8 hadi 32, kiasi ambacho video fupi ya simu inaweza kukijaza. Lakini udogo wake usimdanganye mtu. Windows ikiharibika, fundi huiweka upya kwa flashi na kazi ikaendelea. Programu dhibiti ikiharibika, kompyuta hupoteza hata uwezo wa kuisoma flashi hiyo. Taa inawaka, feni inazunguka, na skrini inabaki nyeusi. Kuweka Windows upya hakusaidii, wala kununua diski mpya, kwa sababu ugonjwa hauko huko.

Jambo hili ulimwengu ulilijua kwa uchungu zamani. Mwaka 1998 kulizuka kirusi cha kompyuta kilichoitwa CIH. Tarehe 26 Aprili 1999 kiliamka katika kompyuta nyingi za nchi mbalimbali, kikafuta data kwenye diski na, pale kilipoweza, kikaharibu yaliyomo kwenye chipu ya BIOS. Baadaye watengenezaji walianza kuweka kufuli: kompyuta nyingi za sasa hukagua saini ya kidijitali ya mtengenezaji kabla ya kuikubali faili ya kusasisha. Mwaka 2011 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha mwongozo wa kuilinda BIOS kwa njia hiyo. Kufuli hilo linamzuia mwizi. Halimzuii mwenye mali kuchomoa waya katikati ya kazi.

Je, kuna haja ya kusasisha?

Hilo ndilo swali la kwanza, na mara nyingi jibu lake ni hapana. Kompyuta inayofanya kazi vizuri, na isiyo na onyo lolote kutoka kwa mtengenezaji wake, haina haja ya kuguswa kwa sababu tu nambari ya toleo imepanda. Zipo hata hivyo sababu nne za kweli.

Ya kwanza ni usalama. Mwaka 2023 watafiti walieleza juu ya BlackLotus, programu hasidi iliyoweza kuupita mlango wa ulinzi uitwao Secure Boot, ambao kazi yake ni kuhakikisha kwamba kinachoamka kabla ya Windows ni halali. Desemba ya mwaka huohuo zilitangazwa kasoro zilizopewa jina LogoFAIL. Hizi zilikuwa ndani ya programu dhibiti yenyewe, katika sehemu inayoonyesha nembo ya mtengenezaji wakati kompyuta inawaka. Kasoro ya aina hiyo haiondolewi na programu ya kuua virusi. Dawa yake ni toleo jipya la programu dhibiti.

Ya pili ni kasoro ya vifaa. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikidai volteji ya juu kupita kiasi, zikawa zinayumba na kuharibika. Marekebisho yalitolewa Agosti mwaka huo, na yaliwafikia wenye kompyuta kupitia kusasisha BIOS. Aliyesasisha mapema aliikinga prosesa yake. Prosesa iliyokwisha kuharibika haikuponywa na marekebisho hayo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ya tatu ni mahitaji mapya. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kompyuta iwe na UEFI yenye uwezo wa Secure Boot pamoja na TPM 2.0, yaani kifaa cha kutunza funguo za siri. Kuna kompyuta zenye uwezo huo ndani yake ila umezimwa, au zinahitaji toleo jipya la programu dhibiti ili uonekane. Lakini mnunuzi awe macho. Kusasisha hakuigeuzi prosesa ya zamani kuwa mpya. Kwa upande wa Intel, orodha rasmi ya Windows 11 inaanzia takriban kizazi cha 8. Anayeuziwa laptopu ya kizazi cha 6 kwa ahadi kwamba "ikisasishwa BIOS itaingia Windows 11 bila shida" anauziwa maneno.

Ya nne inahusu tarehe. Vyeti vya Secure Boot ambavyo Microsoft ilivitoa mwaka 2011 vimewekewa muda wa kuanza kuisha Juni 2026. Kompyuta haitakataa kuwaka siku hiyo. Tatizo ni kwamba kompyuta isiyo na vyeti vipya itakosa baadhi ya marekebisho ya usalama ya hatua ya kuwaka. Kompyuta nyingi hupokea vyeti vipya kupitia sasisho za kawaida za Windows, lakini baadhi zinahitaji kwanza programu dhibiti mpya kutoka kwa mtengenezaji.

Ifahamike pia kwamba flashi si njia pekee. Windows Update huleta programu dhibiti kwa baadhi ya laptopu, na Linux ina programu iitwayo fwupd inayofanya kazi hiyo kwa modeli nyingi. Kompyuta za Mac hupata yao pamoja na sasisho za macOS. Flashi inafaa pale ambapo Windows haiwaki, kompyuta haina intaneti, au mwenyewe anataka kazi ifanyike bila programu nyingine kuingilia.

Ijue kompyuta kwa jina lake kamili

Kuna Latitude nyingi, EliteBook nyingi na ThinkPad nyingi, na faili ya moja si ya nyingine hata kama kwa nje zinafanana kama mapacha. Katika Windows, mtu hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, huandika msinfo32, kisha hubonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka lina mambo matatu ya kunakili: jina la mtengenezaji, modeli, na toleo la BIOS pamoja na tarehe yake. Kwa kompyuta ya mezani iliyoundwa na fundi, kinachohitajika ni modeli ya bodi kuu, ambayo pia imechapishwa kwenye bodi yenyewe. Baadhi ya bodi zina nambari ya marekebisho kama vile 1.0 au 1.1, na faili zake hutofautiana.

Kompyuta za Dell zina lebo ya herufi na tarakimu saba chini ya laptopu au nyuma ya kompyuta ya mezani. Ikiandikwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, huleta ukurasa wa kompyuta hiyo hasa. HP na Lenovo nazo zina nambari zao. Lebo ikifutika, nambari hizo kwa kawaida huonekana ndani ya ukurasa wa BIOS: hufunguliwa kwa F2 kwa Dell, F10 kwa kompyuta za ofisi za HP, na F1 kwa ThinkPad.

Yote hayo yaandikwe kwenye daftari. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kupata faili halali

Faili itoke kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa bodi kuu. Isitoke kwenye kundi la WhatsApp, wala kwa rafiki mwenye "kompyuta kama hiyo," wala kwenye tovuti inayodai malipo. Kwa laptopu na kompyuta za mezani za kawaida, watengenezaji wakubwa huitoa bila malipo. Anwani iandikwe kwa mkono, kwa sababu matangazo yanayotangulia matokeo ya utafutaji huweza kumpeleka mtu kwa matapeli. Na ijulikane kwamba hakuna kampuni inayompigia mkazi simu kumwambia BIOS yake imepitwa na wakati. Anayepiga simu hiyo anatafuta nywila au M-Pesa.

Kabla ya kupakua, maelezo ya toleo yasomwe hadi mwisho. Hapo ndipo panaposemwa toleo limerekebisha nini. Hapo pia hutolewa maonyo mawili yanayopuuzwa sana. La kwanza ni kwamba baadhi ya kompyuta haziruki kutoka toleo la zamani hadi la mwisho kwa hatua moja: hupitia kwanza toleo la kati lililotajwa. La pili ni kwamba matoleo mengine hayaruhusu kurudi nyuma. Aliyesoma hataduwaa.

Watengenezaji wengi huchapisha pia alama ya faili iitwayo SHA-256, ambayo ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Katika Windows, amri certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256, huikokotoa alama ya faili iliyopakuliwa. Zikilingana, faili imefika salama. Tofauti ya herufi moja tu inatosha kuifuta faili hiyo na kuipakua upya. Intaneti inayokatika-katika huharibu faili bila kumwambia mtu.

Kuandaa flashi

Flashi inayozunguka saiba nzima, iliyoingia kwenye kompyuta ishirini tangu Jumatatu, haifai kwa kazi hii. Itafutwe moja ya kuaminika, ya gigabaiti 8, 16 au 32. Flashi za bei ya kutupa zinazodai kubeba terabaiti nzima ziepukwe. Baadhi yake hutangaza ukubwa ambao hazina, zikaandika faili nusu na kuonyesha kwamba zimemaliza.

Vilivyomo kwenye flashi vihamishiwe kwanza mahali pengine, kwa maana kufomati hufuta kila kitu. Kisha ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32. Programu dhibiti nyingi husoma FAT32 na haziutambui NTFS, ndiyo maana mtu huingiza flashi yake na kuambiwa hakuna faili. Dirisha la kawaida la kufomati katika Windows limezoeleka kutoa FAT32 hadi gigabaiti 32 tu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua flashi ndogo.

Faili iwekwe juu kabisa, nje ya folda yoyote. Kama ilipakuliwa ikiwa imefungwa kwa zip, ifunguliwe kwanza. Jina lake lisiguswe, isipokuwa pale maelekezo ya mtengenezaji yanapoagiza. Bodi za mezani zenye kitufe maalumu cha kusasisha nyuma yake hudai jina mahususi: nyingi za MSI hutafuta MSI.ROM, na za Gigabyte hutafuta GIGABYTE.bin. Herufi moja ikikosewa, bodi haitaiona faili.

Stima, tokeni na chaja

Hapa ndipo roho ya mazungumzo haya ilipo. Wakati wa kusasisha, yaliyomo kwenye chipu hufutwa na mapya kuandikwa mahali pake. Katikati ya kufuta na kuandika kuna dakika ambazo kompyuta haina programu dhibiti ya zamani wala mpya iliyokamilika. Stima ikipotea katika dakika hizo, ni kama fundi aliyebomoa ukuta wa zamani kisha akaondoka mvua ikinyesha.

Kwa hiyo mita ya tokeni isomwe kabla ya kuanza. Inasikitisha kompyuta kufa kwa sababu ya uniti mbili. Kazi isifanywe mawingu ya radi yakiwa juu, wala siku ambayo notisi ya kukatwa kwa stima imetolewa kwa eneo hilo. Kompyuta ya mezani iunganishwe na UPS ambayo betri yake ni nzima. Njia ya kuipima ni kuchomoa UPS ukutani wakati kompyuta ikiwa imewashwa na haina kazi iliyofunguliwa, na kutazama kama itabaki ikiwaka kwa dakika kadhaa. UPS iliyokufa betri ni kisanduku tu. Jenereta peke yake haitoshi, kwa kuwa kuna sekunde za giza kabla haijapokea mzigo.

Laptopu ina nafuu, kwa maana betri yake ndiyo UPS yake, mradi iwe hai. Ichajiwe hadi ijae, na chaja ibaki imechomekwa muda wote. Laptopu za Dell, kwa mfano, hukataa kusasisha bila chaja au betri ikiwa chini ya asilimia 10. Zipo mbinu za kuilazimisha ikubali. Ziachwe. Mashine inayokataa inamlinda mwenyewe. Laptopu za mitumba ambazo betri zake zimekufa zibadilishiwe betri kwanza.

Yatazamwe na mambo madogo: waya wa ekstensheni unaolegea, soketi inayocheza, na njia wanayopita watoto. Mlango ufungwe, na wa nyumbani waambiwe kompyuta isiguswe.

Nakala ya data na ufunguo wa BitLocker

Kusasisha programu dhibiti hakufuti mafaili. Hata hivyo nakala ya kazi muhimu ihifadhiwe nje, kwa sababu kompyuta ikishindwa kuwaka, mafaili hayo hayatafikika kwa urahisi.

Kuna mtego mmoja uliowatoa wengi jasho. Laptopu nyingi zenye Windows 11 huwa na diski iliyofungwa kwa BitLocker, wakati mwingine bila mwenyewe kujua. Programu dhibiti ikibadilika, TPM huona kama kuna mtu amebadilisha kitasa cha mlango, na Windows hudai ufunguo wa tarakimu 48. Asiye nao hataingia, na mafaili yake yatabaki yamefungwa. Kwa hiyo ufunguo huo utafutwe kabla ya kazi. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenyewe, au kwa msimamizi wa kompyuta za ofisi. Uandikwe kwenye karatasi. Kisha BitLocker isimamishwe kwa muda kupitia mipangilio ya Windows.

Hatimaye kurasa za mipangilio ya BIOS zipigwe picha kwa simu. Baada ya kusasisha, baadhi ya kompyuta hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Mpangilio wa diski ukibadilika kutoka RAID kwenda AHCI, Windows inaweza kugoma kuwaka, na mtu akadhani ameua kompyuta kumbe ni swichi moja tu ya kurudisha.

Siku ya kazi

Chukua mfano wa Dell Latitude, laptopu inayoonekana katika ofisi na saiba nyingi. Kompyuta inazimwa kabisa. Flashi nyingine, printa na diski za nje zinachomolewa. Chaja inachomekwa, kisha flashi iliyoandaliwa. Inawashwa huku F12 ikibonyezwa kwa kurudiarudia hadi orodha itokee. Katika orodha hiyo kuna maneno BIOS Flash Update. Yakichaguliwa, ukurasa utafunguka wa kuitafuta faili kwenye flashi. Mwenyewe anasoma toleo la sasa na toleo jipya kama yanavyoonyeshwa, anayalinganisha na daftari lake, kisha anathibitisha. Kwa kompyuta za ofisi za HP, kazi kama hiyo hupatikana ndani ya F10, mahali pa kusasisha BIOS.

Kompyuta iliyotoka kwenye kampuni ng'ambo ikidai nywila ya BIOS isiyojulikana, kazi iishie hapo, na aliyeiuza aulizwe. Ni vizuri swali hilo liulizwe siku ya kununua, pesa zikiwa bado mfukoni.

Baada ya kuthibitisha, mikono iondoke kwenye kibodi. Skrini inaweza kuwa nyeusi. Feni inaweza kuvuma kwa nguvu. Kompyuta inaweza kujizima na kujiwasha mara mbili au tatu. Yote hayo ni ya kawaida. Kazi huchukua dakika chache, na mara nyingine huzidi kumi. Kompyuta nyingi huharibika katika dakika hizi za kimya, kwa sababu mwenyewe ameingiwa na hofu akabonyeza kitufe cha kuzima. Haraka haraka haina baraka. Aketi, anywe chai, asubiri angalau nusu saa kabla ya kusema kuna tatizo.

Kama kazi itagoma kwa ujumbe wa kosa lakini kompyuta bado imewaka, isizimwe. Ujumbe upigwe picha, faili na flashi zikaguliwe, na kazi ijaribiwe tena kutoka ukurasa uleule.

Ikikataa kuwaka

Skrini nyeusi si lazima iwe kifo. Laptopu nyingi za Dell hufungua ukurasa wa uokoaji Ctrl na Esc zikishikiliwa huku chaja ikichomekwa. Nyingi za HP huanza kujiokoa kitufe cha Windows na B vikishikiliwa wakati wa kuwasha. Bodi nyingine za mezani zina chipu mbili za BIOS, moja ikiwa ya akiba, na zile zenye kitufe maalumu huweza kuandikwa upya kutoka kwenye flashi hata bila prosesa. Maelekezo ya modeli husika yasomwe kwa simu au kwenye kompyuta nyingine kabla ya kujaribu.

Hayo yakishindikana, fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kuibana chipu na kuiandika upya. Kabla ya kumkabidhi kompyuta, aulizwe maswali matatu. Je, atatunza nakala ya yaliyomo kwenye chipu kabla ya kuifuta? Chipu hubeba pia nambari za utambulisho za kompyuta. Atatoa wapi faili? Na diski itabaki kwa mwenyewe au itaondoka pamoja na kompyuta? Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa. Mwenye saiba au ofisi inayoweka taarifa za wateja akumbuke kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka azilinde hata kompyuta inapokwenda gereji. Kama diski inatoka, itolewe.

Baada ya kazi

Kompyuta ikiwaka, msinfo32 ifunguliwe tena kuthibitisha toleo jipya. Tarehe na saa zitazamwe, kwani saa iliyokosewa hufanya tovuti zikatae kufunguka. Mipangilio ilinganishwe na picha zilizopigwa, Secure Boot ihakikishwe kuwa imewashwa, na BitLocker irudishwe. Tarehe ya kazi na toleo jipya viandikwe kwenye daftari. Mwenye kompyuta kumi asizisasishe zote siku moja. Aanze na moja, aitumie kwa siku kadhaa, na akiridhika aendelee na nyingine.

Wakazi wapendwa, hakuna lolote katika haya linalohitaji shahada. Linahitaji daftari, flashi safi, mita ya tokeni iliyosomwa, betri hai na subira ya nusu saa. Mwalimu anaweza kuifanya kazi hii, na mama mwenye saiba pia, na kijana wa kidato cha nne akisimamiwa. Asiye na uhakika na hatua yoyote asimame hapo na kuuliza, kwa maana kompyuta isiyosasishwa leo inaweza kusasishwa kesho, lakini iliyoharibiwa leo haitafungua duka kesho asubuhi.